Njano Iliyobaki Koponi

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Mwalimu na mumewe walitoa kitanda katika chumba cha binti yao. Walikilaza ubavu kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba. Mume, dereva wa treni aliyestaafu, alirudi kinyumenyume huku akitazama nyuma begani, kama mtu anayerudisha mabehewa kituoni. Mahali kilipokuwa kitanda walikuta kandambili, kalamu ya risasi isiyochongwa, na kopo la rangi.

Kuta za chumba kile zilikuwa za njano, njano ya kiini cha yai. Binti mwenyewe ndiye aliyeichagua rangi hiyo na ndiye aliyeipaka, wakati huo akisomea ualimu kama mama yake. Alisimama juu ya kiti, kitambaa kichwani, akakataa kusaidiwa. Alipomaliza alisukuma kopo uvunguni na kukandamiza kifuniko kwa kisigino. Mwaka uliofuata homa ikamchukua, humo humo chumbani, na tangu hapo mlango ulifunguliwa siku za kufagia tu. Sasa kaka yake alikuwa anarudi nyumbani na mke mjamzito, na mkwe alisema, kwa adabu zote, kwamba njano ile inamtia kichefuchefu. Hakuna aliyemlaumu. Mimba haina mjadala.

Mume alilifungua kopo. Juu palikuwa na utando kama wa maziwa yaliyopoa. Chini ya utando rangi ilikuwa bado mbichi.

"Nikaimwage mtaroni?" aliuliza.

"Rangi ya mafuta haimwagwi mtaroni," alisema Mwalimu. "Inaua samaki, inaua na mboga za watu."

Mume alikifunga kifuniko. Alijua jibu kabla ya kuuliza. Mkewe alikuwa amefundisha shule ile ile mpaka wanafunzi wake wakamletea wajukuu zao kuwafundisha, na wote walimwita Mahali Pake, kwa sababu hakupitisha siku bila kusema kila kitu mahali pake. Maganda aliyatenga na chupa, chupa akazitenga na betri. Rangi nayo ilikuwa na mahali pake. Halmashauri ilikuwa imefungua kituo nyuma ya karakana, na langoni wakaandika kwa herufi kubwa: LETE RANGI ILIYOBAKI. HAITAPOTEA.

Jumatatu Mwalimu alilipeleka kopo pamoja na mabaki mengine ya nyumba, krimu ya dari na buluu ya geti. Karani wa kituo, kijana aliyepiga pasi shati lake vizuri, alipokea kila kopo kwa mikono miwili na kufuta mchirizi kwa kitambaa. Alieleza kwamba rangi huchujwa, huchanganywa upya, kisha hupakwa madarasa ya shule zisizo na uwezo. Ukutani mwa ofisi palikuwa na picha kubwa ya watoto wakicheka mbele ya darasa la rangi ya chungwa.

"Laiti mji wote ungekuwa wa watu kama wewe, Mwalimu," alisema karani.

Mwalimu alirudi nyumbani akijisikia mwepesi. Alijiambia kwamba mahali fulani mtoto wa mtu atajifunza kusoma ndani ya njano ya binti yake.

Nguo za nyumba ile zilifuliwa na dobi wa bondeni, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, aliyekuja kila wiki kuchukua mashuka na kurudisha ya nyuma yakiwa yamepigwa pasi. Wiki mbili baadaye alikaa kwenye ngazi za jikoni, akanywa maji, akasema:

"Mwalimu, binti yako ana sauti nzuri. Ila anaongea haraka haraka."

Mwalimu alikuwa akikunja foronya. "Binti yangu alishatangulia, dada."

"Najua. Si nilikuja msibani? Lakini ameanza kusikika kwetu, jioni lori la kituo likishapita."

Alieleza bila haraka, kama mtu anayeelekeza njia. Tangu kituo kifunguliwe, mfereji wa bondeni ulikuwa ukisema. Lori huja alasiri na kumwaga mapipa katika bomba la mfereji, na kila rangi hupita ikisema yale iliyoyasikia katika nyumba ilimotoka. Buluu nzito ilitoka kwa hakimu, ambaye hazungumzi na mkewe ila kupitia kwa paka. Waridi ilikuwa ya vyumba vya watoto, nayo ililia zaidi kuliko ilivyosema. Nyeupe hazikuwa na maneno mengi, kwa kuwa nyeupe watu hupaka sebule, na sebuleni hakuna asemaye la moyoni. Kufikia asubuhi maji huwa yametulia, naye dobi ndipo hufua.

"Watu husema kuta zina masikio," alisema dobi. "Basi lililoingia sikioni siku moja litatoka."

"Anasema nini?" aliuliza Mwalimu.

"Nani?"

"Binti yangu."

Dobi alifikiri. "Anasema, Mama, nataka kukuambia jambo. Halafu anaishia hapo."

Jioni ile Mwalimu alivaa viatu vya mvua na kuteremka bondeni. Ulikuwa mfereji wa kawaida, kuta za saruji upande mmoja na udongo upande wa pili, nyumba za mabati zikiusogelea mpaka ukingoni. Rangi zilipita polepole bila kuchanganyika, kama nyuzi katika kitambaa. Wenyeji walikuwa wameketi milangoni wakimenya viazi na kusikiliza kwa sikio moja, jinsi watu wasikilizavyo redio. Krimu ilipita ikihesabu vidonge vya presha. Kijani ilipita ikigombana juu ya shamba la urithi. Kisha ikaja njano.

"Mama," ilisema, "nataka kukuambia jambo, lakini usikasirike." Ikakohoa. Ikaanza upya, sauti ikiwa chini kidogo. "Mama, kaa kwanza. Nataka kukuambia jambo." Ikacheka yenyewe kwa aibu, ikapiga mluzi, ikapita chini ya daraja la mbao na kwenda zake.

Mwalimu alisimama pale mpaka miguu ikaanza kumuuma. Ilikuwa sauti yenyewe, na mazoea yenyewe ya kumeza silabi za mwisho, aliyomkanya tangu darasa la kwanza.

Alipogeuka ndipo alipoona mengine. Bustani ya mboga ya mume wa dobi ilikuwa imekauka kwa safu, kuanzia safu iliyo karibu na maji, majani yamejikunja kama karatasi iliyoungua pembeni. Mjukuu wa dobi, mtoto wa kike aliyekuwa anajifunza kutembea huku mama yake akifanya kazi mji mwingine, alikuwa amekaa kwenye mkeka. Miguu yake kuanzia magotini kwenda chini ilikuwa imebambuka, na vidonda vilikuwa na rangi pembeni, kimoja buluu, kimoja njano.

"Anachezea maji," alisema dobi. "Ukimtoa, anarudi. Anapenda hadithi."

Kesho yake asubuhi Mwalimu alikwenda kituoni. Karani alimkaribisha kiti. Hakuficha kitu. Alimpeleka nyuma na kumwonyesha mashine ya kuchanganyia, kubwa, ya kisasa, bado imevaa nailoni iliyokuja nayo. Ndani ya mdomo wake paka alikuwa amezaa.

"Mashine tunayo, Mwalimu. Tunangoja fundi wa kuiwasha."

"Na rangi?"

"Rangi haiwezi kungoja. Mapipa yakijaa, yanajaa. Ila makopo tunayaosha vizuri sana. Makopo watu wanayapenda, wanachotea maji."

"Hapo langoni mmeandika haitapotea."

Karani alilitafakari neno hilo kwa uaminifu. "Na haijapotea," alisema. "Si umeisikia?"

Mwalimu hakuwa mtu wa kunung'unika pembeni. Siku ile ile alipanda mpaka ofisi ya afisa mazingira, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wake na bado alisimama akimwona. Alimweleza habari ya mboga, ya mtoto na ya mashine yenye paka. Afisa alisema atashuka mwenyewe akague, na kama ni kweli atafunga bomba la kumwagia siku hiyo hiyo. Aliahidi kuja wiki ijayo.

Wiki ile Mwalimu alishuka bondeni kila jioni. Alijiambia anakwenda kukusanya ushahidi. Dobi alimtolea kigoda, naye akakaa karibu na maji, mkoba mapajani. Njano haikuja yote kwa mara moja. Ilikuwa imelala chini katika tope, na ni pale tu lori lilipomwaga mzigo mpya ndipo ilipochokolewa ikanyanyuka kidogo. Binti aliimba. Binti alisoma kwa sauti somo la malezi ya watoto, akasonya, akafunga kitabu. Kila mara alirudi pale pale: Mama, nataka kukuambia jambo.

Jioni moja sauti nyingine ikamjibu, nzito, ya mwanamume aliyeketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwambie Jumapili," ilisema. "Mama yako Jumapili huwa hana hasira."

Mwalimu aliitambua. Alikuwa amelala ubavuni mwa sauti ile tangu ujana wake. Njia nzima ya kurudi juu aliwaza, si kuhusu siri, bali kuhusu siku nyingine sita za wiki.

Mumewe alikuwa chumbani akipaka rangi mara ya pili. Chumba kilikuwa sasa na rangi ya uji mwepesi, isiyo na kosa.

"Alikuambia nini?" aliuliza Mwalimu.

Mume hakuuliza nani. Alichovya rola, akaipitisha ukutani kutoka juu hadi chini. "Nilimwahidi sitasema."

"Mzee, mtoto amekufa."

"Ndiyo sababu. Angekuwa hai ningemwomba aniondolee ahadi." Alilifuta tone kwa kidole gumba. "Ni lake. Nasikia amefika bondeni. Atakuambia mwenyewe."

Siku ya ukaguzi afisa alikuja na gari, akalisimamisha mbali kwa ajili ya tope. Alitazama mboga, akatazama miguu ya mtoto, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Lori la kituo lilikuja kwa wakati wake, dereva akampigia afisa saluti, akamwaga. Rangi zikateremka. Kijani nzito ilipofika mbele yao, sauti ya mtoto mdogo iliuliza, "Mama, baba atarudi leo?" na ya mwanamke ikajibu, "Kula chakula chako."

"Hiyo ni sebule yangu ya zamani," alisema afisa, akarekebisha tai.

Kisha afisa akamgeukia mwalimu wake.

"Nimeona. Sina haja ya kuona zaidi. Wewe ndiye uliyeleta malalamiko, Mwalimu. Ukisema nifunge, naita watu sasa hivi."

Dobi alikuwa pembeni, mjukuu kiunoni. Majirani waliacha kumenya viazi. Mwalimu alifungua mdomo kusema funga, na wakati huo huo njano ikanyanyuka kutoka kwenye tope, nyembamba kama uzi.

"Mama, nataka kukuambia jambo. Zile jioni nilizokuwa nakuaga…"

Uzi ukakatika, ukapita daraja.

Lilikuwa neno jipya. Sauti haikuwahi kufika mbali hivyo.

"Ngojeni kidogo," alisema Mwalimu. Sauti yake ilitoka imara, kama ya darasani. "Mpaka mvua zianze. Mambo yasifanywe kwa pupa."

"Hapo umenena," alisema afisa, na uso wake ulionyesha kushukuru. Alirudi kwenye gari lake akikanyaga mawe.

Mwalimu hakupata nguvu ya kumtazama dobi. Dobi ndiye aliyemsogelea. Alimhamisha mtoto kiuno cha pili.

"Sikulaumu," alisema. "Kila mtu ana mtu wake." Akaingia ndani, akafunga mlango ambao siku zote ulikuwa wazi.

Kigoda hakikutolewa tena. Mwalimu alisimama. Alileta dawa ya kupaka kutoka duka la dawa na kuiacha kizingitini, nayo asubuhi ilikuwa imechukuliwa. Njano iliendelea kufifia kila lori lilipopita, mpaka ikabaki herufi, kisha pumzi. Siku moja haikuja kabisa. Zilikuja rangi za watu wengine, zikasema ya watu wengine, na Mwalimu akabaki pale akisikiliza ugomvi wa shamba la urithi kama mtu aliyekosea mlango wa msiba.

Ndipo dobi alipofungua.

"Njoo," alisema. "Amekunywa yale maji. Nilimkuta anachota kwa kiganja, kule chini kwenye tope. Ametapika mchana kutwa, sasa anaongea."

Mtoto yule alikuwa hajawahi kusema neno, hata la kumwita bibi. Alikuwa amelala kitandani, macho maangavu kwa homa, midomo imezungukwa na njano. Alipomwona Mwalimu aliinua mkono kidogo, kama anayemwonyesha mtu kiti.

"Mama, kaa kwanza," alisema.

Mwalimu akakaa.

"Zile jioni nilizokuwa nakuaga kwamba naenda kujisomea, nilikuwa naenda kwa fundi rangi. Ananifundisha. Madirisha ya nyumba ya daktari, yale ya kijani, ni mimi niliyeyapaka. Muhula ujao sirudi chuoni. Sitaki kufundisha, Mama. Nataka kupaka nyumba za watu." Mtoto alivuta pumzi. "Usikasirike. Nimengoja Jumapili."

Ilikuwa Jumatano.

"Sijakasirika," alisema Mwalimu.

Mtoto alimtazama kwa muda, akahakikisha, kisha akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya mtoto mgonjwa asiyejua kusema. Walimchukua hospitali, Mwalimu akimbeba, dobi akishika mfuko wa nguo. Daktari wa zamu alimtazama ulimi, akauliza ni rangi ya maji au ya mafuta, akaandika dawa. Alisema wengine wawili wamekuja asubuhi, mmoja anaongea kama mkuu wa posta.

Siku mtoto alipoweza kula, Mwalimu alipita nyumba ya daktari, ile yenye madirisha ya kijani. Alisimama nje ya ua. Rangi ilikuwa imepauka kwa jua lakini kingo zilikuwa zimenyooka, na hapakuwa na tone hata moja juu ya vioo. Alikuwa amepita njia hiyo kwenda shule kwa miaka, bila kuyatazama hata siku moja. Mumewe, aliyekuwa amefuatana naye, alivua kofia.

"Mkono wake haukutetemeka," alisema Mwalimu.

"Hata kidogo," alisema mume.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa afisa mazingira, akamwambia bomba lifungwe leo, na kwamba alikosea kuomba wangoje. Afisa alisimama kama kawaida, akamvutia kiti, na kumweleza kwamba sasa lilikuwa gumu. Habari zilikuwa zimepanda juu. Watu wa mitaa ya juu walikuwa wakishuka jioni kutafuta zao. Mjane wa mfamasia alimpata mumewe katika zambarau ya maktaba. Hakimu na mkewe walikuja pamoja, wakakaa kusikiliza buluu yao, na walirudi wakiwa wameshikana mikono. Paka hakuonekana kuhitajika tena. Wote walikuwa wameomba jambo moja, nalo lilikuwa limepitishwa na kikao.

"Wametaka nini?" aliuliza Mwalimu.

"Mabenchi."

"Na watu wa bondeni?"

"Nao wanaruhusiwa kukaa," alisema afisa. Kisha akainamisha macho. "Mwalimu, mwanangu wa mwisho nilikuwa sijui sauti yake. Nikifunga, nitaisikia wapi?"

Jibu lake mwenyewe Mwalimu alikwisha kulitoa mbele ya mashahidi. Aliaga.

Mabenchi yakawekwa, ya saruji, yenye migongo. Juu ya lango kituo kikapaka maandishi upya. Watu wakaleta makopo kwa wingi zaidi, wengine wakifungua mapya, wakayaacha wiki nzima chumbani na kifuniko wazi, wakasema ndani yake waliyotaka yasikike. Mboga za mume wa dobi zikaisha, akaanza kuuza karanga kwa wasikilizaji.

Mwalimu alimwomba dobi ahamie kwake na mjukuu. Uani kulikuwa na bomba la maji safi na chumba cha kuwekea majembe, kingesafishwa.

"Ahsante," alisema dobi. "Lakini mimi nikihama, mfereji nao utahama? Atakuja mwingine kukaa hapa, na mtoto wake." Alisuuza shuka, akalikamua. "Wewe kama una maji, lete maji."

Basi Mwalimu akaleta maji. Kila alasiri aliteremka na mumewe na madumu, wakayamimina katika beseni, wakamkalisha mtoto ndani yake. Vidonda vilikauka, vingine vikaja, vya rangi nyingine. Mjukuu alikuwa amekwisha kujua kutembea. Maneno alikuwa nayo mengi, mengine yake na mengine ya watu. Mwalimu alimfundisha kuyatenga. Akisema bibi, maji, nipe, alipigiwa makofi. Akidai sehemu yake ya shamba la urithi, Mwalimu alimwambia, "Hilo si lako, mama, liache lipite," na mtoto akaliacha.

Alasiri moja walikuwa wamempaka sabuni kichwani wakati lori la kituo lilipofika. Dereva, mtu mstaarabu, alishuka kwanza kuwasalimu. Aliwauliza hali ya mtoto, wakamwambia hajambo kidogo. Akauliza hali ya mkwe, wakamwambia amejifungua salama, mtoto wa kike. Akawapa hongera. Kisha akawaomba radhi na kusema mzigo wa leo ni mwingi, je, wangeweza kulisogeza beseni kidogo, wasije wakarukiwa.

Mwalimu alishika upande mmoja na dobi upande wa pili. Wakalisogeza.